Mfumo mpya, kazi ile ile: mbona programu zinanunuliwa na maamuzi hayabadiliki?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili.

Kazi yangu ni mifumo ya taarifa. Naitwa pale kampuni inapotaka kuachana na madaftari, au inapotaka kuachana na mfumo uliowekwa na mwingine kabla yangu. Nimeona mifumo iliyoipa menejimenti macho. Nimeona na mingine iliyomeza bajeti ya miaka miwili, na bado meneja akabaki anapiga simu stoo kuuliza, "Kile kitu kimebaki kiasi gani?" Ningependa kusema tofauti ilikuwa ubora wa programu, lakini siyo. Nimewahi kukuta programu ile ile, toleo lile lile, kwa mmoja inazaa na kwa mwingine imelala.

Tunaambiwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wanaichukua methali hiyo kama onyo la wizi. Mimi nasimama kwenye yale maneno mawili ya mwisho: bila habari. Mali inaweza kuwepo, imekaa rafu ya nyuma, haikuibwa na mtu, na idara ya ununuzi ikaagiza nyingine kwa sababu hakuna aliyejua. Mfumo wa taarifa kazi yake ni hiyo tu, kupunguza umbali kati ya jambo lililotokea na mtu anayepaswa kuliamulia. Ukishaliona hivyo, swali la kwanza haliwi "tununue programu gani?" Linakuwa "nani anaamua nini, na anachelewa kujua nini?"

Turudi nyuma kidogo. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikutoka kwenye kampuni ya mitambo. Ilijengwa Uingereza na J. Lyons & Co., kampuni ya maduka ya chai na kuoka mikate. Waliiita LEO, na mwaka 1951 ikaanza kukokotoa thamani ya bidhaa za kiwanda chao cha kuoka. Kinachonivutia ni kwamba kabla hata hawajafikiria kompyuta, Lyons walishakuwa na watu wa kuchunguza jinsi kazi za ofisi zinavyokwenda: karatasi inaanzia wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi. Baadaye walipoipa LEO kazi ya oda za maduka, msimamizi wa duka hakujaza oda nzima upya kila siku. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kawaida, yeye akipiga simu kutaja mabadiliko tu. Yaani walibadilisha kazi kwanza, mashine ikaja kuibeba kazi iliyokwisha kunyooshwa.

Sasa linganisha na tunachofanya wengi wetu. Tunachukua fomu ya karatasi yenye saini tano, tunaiweka kwenye skrini ikiwa na saini zile zile tano, halafu tunaita mageuzi ya kidijitali. Foleni ya karatasi imegeuka foleni ya skrini.

Mwaka 1987 mchumi Robert Solow aliandika kwamba enzi ya kompyuta inaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Miaka mitatu baadaye mwanahistoria wa uchumi Paul David akaleta maelezo ambayo hadi leo sijapata mazuri zaidi. Alikwenda kutazama umeme ulivyoingia viwandani. Kiwanda cha mvuke kilikuwa na injini moja kubwa, inazungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na kutoka kwenye mhimili huo mikanda inashuka hadi kwenye kila mashine. Mashine inayohitaji nguvu nyingi lazima ikae karibu na injini, kwa hiyo jengo lote lilipangwa kwa kufuata mhimili. Umeme ulipoanza kuuzwa miaka ya 1880, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa pale pale, mhimili na mikanda wakaviacha. Faida ikawa ndogo. Ongezeko kubwa la tija lilikuja miaka ya 1920, pale kila mashine ilipopewa mota yake na watu wakaanza kupanga kiwanda kwa kufuata njia ya kazi, siyo njia ya mhimili. Ni kama miaka 40 imepita hapo.

Kila ninapoingia kwenye kampuni mpya natafuta mhimili wao uko wapi. Mara nyingi ni meza ya mtu mmoja ambayo kila karatasi lazima iipitie, na ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mfano uliofanya hili vizuri ni Ford, kampuni ya magari ya Marekani. Michael Hammer, mtaalamu wa menejimenti, aliuandika kwenye jarida la Harvard Business Review mwaka 1990, na naona kila meneja anapaswa kuujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara ya Ford ya kulipa madeni ya wauzaji huko Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500. Wakapanga kuongeza kompyuta wapunguze asilimia 20. Kisha wakaitazama Mazda, kampuni ya magari ya Japani, ambako kazi hiyo ilifanywa na watu 5. Hata ukikumbuka kwamba Mazda ni ndogo, pengo hilo haliwezi kuelezwa na kasi ya kompyuta.

Walipochunguza wakakuta muda mwingi unaishia kwenye kulinganisha hati tatu: hati ya agizo, hati ya kupokea mzigo, na ankara ya muuzaji. Zikikubaliana, malipo yanatoka. Zisipokubaliana, karani anaanza kuandika barua na kupiga simu. Njia iliyodhaniwa ilikuwa kulinganisha haraka zaidi. Njia waliyoichagua ni kuifuta ankara. Mnunuzi akiagiza, agizo linaingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya pamoja ya taarifa kwenye kompyuta. Mzigo ukifika, mpokeaji analitafuta agizo kwenye kompyuta. Ukilingana anaupokea, na hundi inatengenezwa. Usipolingana anaurudisha. Idara ilipungua kwa asilimia 75.

Tazameni kilichohama pale. Udhibiti ulitoka ofisini, ambako kosa linagunduliwa mwezi mmoja baadaye, ukaenda mlangoni, ambako kosa linagunduliwa gari la mzigo likiwa bado limesimama. Mpokea mizigo ambaye jana alikuwa anapiga muhuri tu, leo anaamua. Hiyo ndiyo menejimenti kubadilika. Kompyuta iliwezesha, lakini kuna mtu alikaa akauliza karatasi ya tatu ni ya nini.

Niseme na kuhusu data, maana hapa ndipo pesa nyingi zinazama. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipendekeza data ipangwe kwenye majedwali yanayohusiana, na kutoka hapo likakua wazo kwamba kila ukweli uandikwe mahali pamoja tu. Karibu kila mfumo wa biashara mnaoutumia umesimama juu ya msingi huo. Ila kanzidata haiwezi kujua kwamba majina matatu ni kitu kimoja. Kuna stoo niliwahi kufanyia kazi, kifaa kimoja kiliingizwa mara tatu: mara kwa jina kamili, mara kwa kifupisho, mara kwa kutanguliza saizi. Ripoti ikasema kimeisha, kumbe kimejaa chini ya majina mengine mawili. Meneja alidanganywa na ripoti mara mbili, mara ya tatu akaacha kuifungua. Na meneja akiacha kuiamini ripoti, mfumo umekufa hata kama taa za seva, zile kompyuta kuu, zinawaka. Tulikaa wiki sita kusafisha orodha. Aliyeifanya kazi hiyo hakuwa fundi wa programu. Alikuwa mama mmoja wa stoo aliyejua kila kitu kwa kukishika.

Kama mnadhani haya ni ya kampuni ndogo, tazameni Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilipoingia Canada mwaka 2013. Ilifungua maduka 133, na Januari 2015 ikatangaza kuondoka. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ni taarifa za bidhaa zilizoingizwa kwa mkono, kwa haraka, zikiwa na makosa ya vipimo na idadi. Rafu za maduka zikawa tupu wakati maghala yamefurika.

Ngazi za menejimenti sitaziongelea sana, mnazijua. Aliye kazini anahitaji taarifa ya sasa hivi, yenye undani. Msimamizi anahitaji kuona kilichotoka nje ya mpango. Mkurugenzi anahitaji mwelekeo wa miezi na miaka. Kosa ninalokutana nalo kila mara ni kumpa mkurugenzi dashibodi, ile skrini ya muhtasari, yenye vipimo arobaini. Mahali pamoja niliomba ruhusa tusitishe ripoti za kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha turudishe zile zitakazouliziwa. Nyingi hazikuuliziwa na mtu, na kuna watu walikuwa wanakesha Ijumaa kuzitayarisha.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu tofauti karibuni, hasa wenye uzoefu unaonipinga.

Mchangiaji 1

Heshima kwako mkuu. Mimi ni mhasibu, na nitakupinga kidogo. Mifumo mikubwa inatufunga mikono. Excel naijua, naibadilisha ninavyotaka, swali la bosi nalijibu kwa nusu saa. Kwenye mfumo, nikikosea tarakimu moja lazima niombe mtu afungue kipindi cha hesabu kilichofungwa, mwingine aidhinishe, mwingine afunge. Unafuu uko wapi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, malalamiko yako ni ya haki na sitayapuuza. Excel ni chombo kizuri mno cha kufikiria. Nikitaka kupima jambo ambalo sijalielewa bado, mimi mwenyewe naanzia huko. Tatizo linaanza pale karatasi ya kufikiria inapogeuzwa kuwa ghala.

Mwaka 2020 huko Uingereza, shirika la afya ya umma lilikuwa linapokea matokeo ya vipimo vya korona na kuyapitisha kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao haupokei zaidi ya safu mlalo 65,536. Faili likajaa. Yaliyozidi hayakuingia, na kesi karibu 16,000 zikakosekana kwenye hesabu za siku kadhaa, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Chombo kilipewa kazi isiyo yake, na kiliposhindwa hakikupiga kelele.

Kuhusu kuomba ruhusa ya kusahihisha, hapo naomba nisikubaliane nawe. Luca Pacioli alipochapisha mwaka 1494 kule Venice maelezo ya kuingiza hesabu pande mbili, nguvu ya utaratibu ule ilikuwa kwamba kosa linasahihishwa kwa ingizo jingine linaloonekana, halifutwi. Mfumo unaokuzuia kufuta unakulinda wewe mhasibu kabla ya kumlinda mwenye kampuni. Siku mkaguzi akifika, utashukuru kuna alama ya nani alibadilisha nini na saa ngapi. Lakini kama kusahihisha tarakimu moja kunapita kwa watu watatu, huo ni mhimili wa darini. Saini mbili zinatosha, aliyeingiza na aliyeidhinisha. Ya tatu uliza ilitoka wapi.

Mchangiaji 2

Mimi nilikuwa upande wa wauza mifumo, sasa nimetoka, naweza kusema. Mteja anakuja na utaratibu wake wa miaka ishirini, anasema programu ifuate yeye. Sisi tunasema sawa, kwa sababu kila badiliko lina ankara yake. Mwanzisha uzi, wewe unashauri kazi ifuate mfumo au mfumo ufuate kazi?

Mwanzisha uzi

Asante kwa ukweli huo. Swali hili limenipa adhabu mara nyingi kuliko mengine yote.

Kuna kesi ya Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani. Walianza mwaka 2011 kuhamia kwenye mfumo wa SAP, kampuni ya Ujerumani inayouza programu za kuendesha biashara, na mwaka 2018 wakausimamisha mradi huo baada ya kutumia, kwa mujibu wa vyombo vya habari, karibu euro milioni 500. Jambo mojawapo lililotajwa ni hili: Lidl walizoea kuthamini bidhaa za stoo kwa bei ya kununulia, wakati programu kwa muundo wake wa kawaida ilithamini kwa bei ya kuuzia. Linasikika kama jambo dogo la mhasibu, lakini bei hiyo inagusa ripoti, faida ya kila duka, oda, kila kitu. Kuibadilisha programu kwa kiwango hicho ni kama kubadilisha msingi wa nyumba ukiwa umeshapaua.

Msimamo wangu ni huu, na nimeulipia. Pale ambapo utaratibu wako ndio unaokupa wateja, linda utaratibu, mfumo ukufuate. Pale ambapo wewe ni kama wengine wote, kwenye mishahara, leja, likizo, mali za ofisi, fuata mfumo ulivyo na uache mazoea. Kosa langu mwenyewe lilikuwa kukubali kubadilisha njia ya kuidhinisha malipo ili kumridhisha mkuu wa idara mmoja aliyetaka skrini ifanane na fomu yake ya zamani. Toleo jipya la programu lilipotoka, badiliko langu likavunjika na malipo yakasimama siku nne. Wauzaji wa kampuni ile walinipigia mimi. Sijasahau zile simu.

Mchangiaji 3

Wakuu mnazungumzia mifumo ikiwa hai. Sisi tunaoishi na seva tunaona upande mwingine. Juni 27, 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kiliingia Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena. Iliwabidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi iliyofanyika kwa siku kama kumi. Hasara waliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao za kuingia zilifutika dunia nzima kwa sababu kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, na zote zilikuwa mtandaoni. Moja tu ilipona, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikatika huko na ikawa imezimika wakati kirusi kinapita. Kampuni ya ukubwa ule ilifufuliwa kutokana na nakala iliyopona kwa umeme kukatika.

Kwa hiyo mnapopanga mageuzi, wekeni nakala moja isiyogusa mtandao, na muirejeshe kwa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja bado hujui kama ni nakala.

Mwanzisha uzi

Mkuu, mchango huu ungestahili uzi wake. Naongeza jambo moja la upande wa menejimenti: mfumo ukizimika, nani ana ruhusa ya kuamua kwamba tunarudi kwenye karatasi, na karatasi zenyewe ziko wapi? Hilo halimhusu fundi. Ni la mkurugenzi, na liandikwe kabla ya siku yenyewe.

Mchangiaji 4

Shikamoo mkuu, na wengine wote. Nimepewa kusimamia mageuzi haya kazini kwetu, na naogopa. Wafanyakazi wananiangalia kama nimekuja kuwatoa. Bosi naye amesikia habari za akili mnemba, anataka ianze mwezi ujao. Naanzia wapi?

Mwanzisha uzi

Marahaba binti, karibu. Nianze na wafanyakazi, kwa sababu ndio wazito.

Usiwadanganye. Mfano wa Ford nilioutoa ulipunguza watu, sikuuficha. Kama bosi ana mpango wa kupunguza, mwambie aseme yeye, mapema, kwa mdomo wake. Kama hana, mwambie aandike. Watu wakiachwa kwenye ukungu watailinda kazi yao kwa njia pekee waliyo nayo, kuficha wanachokijua, na mfumo wako utajengwa juu ya nusu ya ukweli. Yule mama wa stoo niliyemtaja alikuwa na hofu hiyo hiyo. Alipoambiwa kwamba orodha ya bidhaa ni yake na hakuna jina linaloingia bila yeye, alibadilika kabisa.

Kuhusu akili mnemba, sina ugomvi nayo, inaweza kufanya mengi. Lakini ukiipa ile stoo yenye majina matatu kwa kifaa kimoja, itakukadiria mahitaji ya vifaa vitatu, kwa lugha nzuri na grafu nzuri. Mwambie bosi kwamba njia ya kufika huko inapita kwenye orodha safi ya bidhaa, wateja na wauzaji. Usimkatalie, mpe hatua ya kwanza.

Sasa mahali pa kuanzia. Usifungue tovuti ya programu yoyote wiki hii. Chagua agizo moja la kununua, lolote, lililoanza leo. Lifuate kwa miguu. Kaa kwenye kila meza linapopita, andika limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na muulize kila anayelishika: ukikuta nini hapa utalikataa? Asiye na jibu, weka alama. Ukimaliza rudi hapa utueleze.

Mchangiaji 4

Nimerudi mkuu. Nimelifuata siku tisa. Kazi yenyewe, ukijumlisha dakika zote, haifiki saa mbili. Muda uliobaki karatasi ilikuwa imelala kwenye trei. Lina saini nne. Wa kwanza alinionyesha anachokagua, na wa pili pia, vizuri kabisa. Wa tatu nilipomuuliza akikuta nini atakataa, alifikiri kidogo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nasaini nikiona wawili wameshasaini." Wa nne akasema yeye anasaini akiona watatu.